Kabla ya kubadili triga, angalieni saa kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua barua ndefu huwa mnazikata nusu ila hii naomba mjitahidi kuiacha ilivyo maana nikianza kukatwa katikati sitaeleweka.

Makala yenu ya michezo kuhusu bastola za mashindano imenifurahisha na kunikera kwa pamoja. Imenifurahisha kwa sababu mchezo huu wa kulenga shabaha kwa kukimbia na saa, huu wanaouita IPSC, ni nadra sana kuuona kwenye gazeti. Imenikera kwa sababu ukurasa mzima umejaa mapicha ya bastola na majina ya vipuri, triga yaani kifyatulio cha aina fulani, springi ya aina fulani, redi doti yaani kioo chenye nukta nyekundu ya kulengea, holista yaani mkoba wa bastola wa kisasa, alafu mwisho wa makala msomaji hajui hata mshindi anapatikanaje. Kijana akisoma vile atadhani mchezo huu ni wa kununua, na mimi kwenye mechi kazi yangu ni urefa, nasimama nyuma ya mpigaji na taima mkononi, naona sekunde zinapopotelea, na nawaambia ukweli hazipotelei kwenye bastola.

Ngoja nianze na hesabu maana bila hesabu tutabishana mpaka kesho. Kwenye steji, yaani kipande kimoja cha mechi, mpigaji anapewa alama kwa kila risasi iliyoingia kwenye karatasi ya shabaha, Alfa ya katikati ni 5, Chali inayoizunguka ni 3 na Delta ya pembeni ni 1 kama risasi zake ni za nguvu ndogo yaani maina, na kama ni za nguvu kubwa yaani meja basi Chali inapanda kuwa 4 na Delta 2. Ukikosa kabisa unakatwa 10, ukipiga ile karatasi ya "usipige" unakatwa 10 vilevile. Jumla ya alama inagawanywa kwa sekunde ulizotumia na jibu ndo hiti fakta yako, ya juu inashinda. Basi. Sisi tumelelewa tukiambiwa haraka haraka haina baraka, ila hapa haraka ina baraka zake kamili, tatizo ni kwamba inalipwa kwa alama.

Chukua steji ya risasi 24 kwenye karatasi 12, mbili mbili. Mpigaji wa kwanza anapiga Alfa 22 na Chali 2 kwa sekunde 16, alama zake ni 116, gawanya kwa 16 unapata 7.25. Wa pili anawasha moto kweli kweli, watu wanapiga makofi, sekunde 13.5, Alfa 14, Chali 8, Delta 2, hapo ana alama 96 na hiti fakta 7.11, yaani amepitwa na yule aliyeonekana mzembe. Na moja ya zile Chali ingekuwa imekosa karatasi kabisa angebaki na 83, hiti fakta 6.15, hapo hata msimuulize matokeo mwacheni anywe maji kwanza.

Sasa ingieni ndani ya ile steji ya sekunde 16. Kila karatasi inapigwa mbili, na ile nafasi kati ya risasi ya kwanza na ya pili kwa mpigaji wa kawaida ni kama robo sekunde, mara karatasi 12 unapata sekunde 3 tu. Sekunde 13 zilizobaki ziko wapi? Ziko kwenye kutoa bastola, kuhamisha macho kutoka karatasi hii kwenda ile, kukimbia, kusimama, kubadili magazini, na kusimama kama nguzo ukijiuliza hivi ile ya nyuma ya ukuta nimeshaipiga au bado. Triga mpya ya bei mbaya ikikusaidia kushuka kutoka 0.25 hadi 0.20 kwa kila jozi umeokoa sekunde 0.6 kwenye steji nzima, hiti fakta inapanda mpaka kama 7.53. Siyo mbaya. Lakini mtu aliyejifunza kuondoka mahali mapema na kufika mahali pengine bastola ikiwa tayari iko usawa wa macho anaokoa sekunde moja na nusu bila kununua kitu, na huyo anakwenda 8.0. Makala yenu haikugusa hilo hata kwa mstari mmoja bana.

Na bei ya uzembe wa shabaha nayo tuipige hesabu palepale. Kwa hiti fakta ya 7.25, Chali badala ya Alfa inakupotezea alama 2, ambazo ni kama sekunde 0.28. Delta inakula zaidi ya nusu sekunde. Kukosa karatasi kunakula sekunde 2 na ushee maana unapoteza 5 uliyokuwa uipate na unakatwa 10 juu yake. Mi nikimwona mtu analalamika kwamba slaidi yake, ile sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma kila risasi ikitoka, inarudi taratibu wakati karatasi zake zimejaa Delta huwa nakaa kimya tu, refa hatakiwi kufundisha katikati ya mechi.

Hapo sijasema vifaa havina maana, msije mkaninukuu vibaya. Vina maana sana ila kwa mpangilio mwingine kabisa na ule mlioandika.

Cha kwanza kabisa ni kujua unaingia divisheni gani, yaani kundi la bastola za aina gani, kabla hujatoa hata senti. Production hairuhusu redi doti wala kompe, kile kifaa cha mdomoni cha kupunguza kuruka, kila mtu anahesabiwa maina hata risasi zake ziwe na nguvu ya kutisha, na magazini isizidi risasi 15 king'ora cha kuanzia kinapolia. Production Optics ni ndugu yake mwenye redi doti. Standard hakuna doti lakini bastola na magazini yake lazima viingie kwenye boksi la kupimia. Open ni uwanja wa matajiri, doti, kompe, magazini ndefu, ruhusa tele. Classic ni za umbo la 1911, ile bastola ya zamani ya Kimarekani, risasi 8 kwenye magazini ukipiga meja na 10 ukipiga maina, na Revolver kila mtu anaijua. Sasa mtu ananunua bastola nzuri, anaifungia doti, anaitoboa mdomo ili isiruke, anakuja kwenye mechi yake ya kwanza kumbe kwa huko kutoboa ametupwa Open, anashindana na watu wenye mashine zilizotengenezwa kwa ajili hiyo toka mwanzo, alafu anakata tamaa. Angekuja na bastola ya kawaida ya milimita 9 kama ilivyotoka kiwandani angekaa Production na watu wa saizi yake.

Cha pili ni risasi zenyewe, na hapa ndo nashangaa kabisa makala ilipita kimya. Kuna kitu kinaitwa pawa fakta, unachukua uzito wa kichwa cha risasi kwa greni, kipimo kidogo cha uzito, unazidisha kwa mwendo wake kwa futi kwa sekunde unagawa kwa 1000. Maina inaanzia 125. Meja kwa Open ni 160, kwa Standard, Classic na Revolver ni 170. Kichwa cha greni 124 kikienda futi 1,050 kwa sekunde kinakupa 130.2, salama. Greni 147 kwa futi 900 ni 132.3, salama na wengi wanasema teke lake ni kama linasukuma badala ya kugonga, mi naliona hivo pia ila kuna wanaobisha. Kwenye mechi kubwa wanachukua risasi zako wanazipitisha kwenye kipima mwendo, na ikikutwa ulijitangaza meja lakini hujafika unashushwa maina, na ukishindwa kufika hata 125 unaruhusiwa kuendelea kupiga ila alama zako hazihesabiwi. Kuna watu wanafukuzia risasi laini mpaka wanagusa 125.5, siku yenyewe hali ya hewa imebadilika kidogo, kwisha habari. Wekeni akiba ya kutosha jamani.

Cha tatu ni bastola isiyogoma. Hiki ndo kipimo changu kikubwa na hakina mjadala, bastola inayokwama mara moja kwenye steji imekula sekunde tatu nne, hakuna triga duniani itakayozirudisha. Na sababu nyingi za kugoma ninazoziona zinatoka kwenye yale yale "maboresho" mliyoyasifia. Mtu anaweka springi nyepesi ya nyundo ili triga iwe laini kama siagi, alafu nyundo inagonga kiberiti cha risasi bila nguvu, tik, kimya. Mwingine anaweka springi nyepesi ya slaidi ili bastola isiruke, slaidi inashindwa kufunga vizuri risasi ikiwa na vumbi kidogo. Magazini ndo usiseme, zinaangushwa kwenye mchanga mechi nzima, hazipigwi brashi, springi zake zimechoka, risasi ya mwisho haipandi, na mwenyewe anamlaumu fundi. Andikeni namba kwenye kila magazini kwa rangi, ikileta shida mara mbili inabaki ya mazoezi tu, kazi ya dakika tano hiyo. Na wenye doti wachore mstari wa rangi kwenye skrubu, skrubu ikilegea mstari unaachana na utaona kwa jicho kabla ya steji na siyo baada ya kukosa karatasi nne mfululizo. Betri nayo ibadilishwe kabla haijaomba.

Holista na mkanda vinastahili pesa kuliko triga, hapa nasimama imara. Mkanda laini unafanya holista icheze, bastola kila siku inakuwa pengine, mkono unafika unaikuta imelala vingine. Mkanda mgumu wa mbili kwa moja, ule wa ndani unaopita kwenye suruali na wa nje unaong'ang'ania juu yake, holista inayoishika bastola vizuri na kuiachia kwa mstari mmoja, na vifuko vya magazini kwenye pembe ambayo mkono wako unafika wenyewe bila kutafuta. Ukishapanga pima kwa macho umefumba, mkono ukiikuta basi usiguse tena. Kuna watu kila wiki wanahamisha vifuko sentimita moja huku sentimita moja kule, mkono hautajifunza hata siku moja.

Uzito nao una ukweli wake siwezi kuukana. CZ Shadow 2 ni zaidi ya kilo 1.3 ikiwa tupu, Glock 17 tupu haifiki hata kilo moja, na fizikia ni fizikia, nzito inaruka kidogo kwa risasi ileile. Ndo maana mtazikuta nyingi nzito kwenye Production. Lakini ile nzito pia inachelewa kuanza kuondoka kwenye karatasi moja na inachelewa kusimama kwenye nyingine kama mabega yako hayajazoea, na kwa mwenye mkono mdogo kidole kisichofika vizuri kwenye triga ile risasi ya kwanza ya dabo aksheni, ambayo triga yake ni ndefu na nzito kuvuta, inaivuta bastola pembeni. Kwa hiyo chagua inayojaa mkononi, ya bingwa mwachie bingwa.

Sasa ustadi, na hapa ningeomba mngetoa ukurasa mzima. Sehemu kubwa ya kazi inafanyika bila risasi hata moja, drai faya, bastola tupu nyumbani. Sharti lake la kwanza risasi zote zinabaki chumba kingine kabisa, unakagua chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, kwa macho na kwa kidole, unakagua tena, unaelekea ukuta ambao nyuma yake hakuna mtu, na ukikatizwa na simu au mtoto ukirudi unaanza ukaguzi upya toka mwanzo. Ukimaliza unasema umemaliza na huongezi "kamoja tu", hako kamoja ndo kanakoleta msiba.

Cha kufanya humo ndani? Kutoa bastola mpaka saiti, yaani vilengeo vya juu ya bastola, zikae kwenye shabaha ndogo, kubadili magazini, kuhamisha macho. Taima inawekewa muda, tuseme sekunde 1.5 toka king'ora mpaka triga ibonyezwe, ukiizoea bila kudanganya unashusha hadi 1.4, na kuendelea. Neno ni bila kudanganya. Drai faya inaruhusu uongo mwingi sana maana hakuna karatasi ya kukusuta, mtu anabonyeza saiti zikiwa hazijafika anajisifu sekunde moja, akija uwanjani na risasi za kweli anapiga bega la karatasi. Kila ukibonyeza jiulize saiti ilikuwa wapi triga ilipoachia, kama hujui basi ile haihesabiki. Robo saa ya namna hiyo karibu kila siku inamzidi mtu anayekwenda uwanjani mara moja kwa mwezi kumwaga maboksi ya risasi akirekodi video.

Mshiko unapuuzwa kuliko vyote. Mkono usio wa triga ndo unatakiwa ukabe zaidi, huu wa triga ukikaba kupita kiasi kidole kinakakamaa na hakiwezi kukimbia. Kwa anayetumia mkono wa kulia, risasi zikiwa zinakusanyika chini kushoto hiyo mara nyingi siyo saiti, ni mkono unaisukuma bastola chini kabla haijalia kwa kulisubiri teke. Dawa yake changanya risasi bandia mbili tatu kwenye magazini mtu mwingine akupangie, ikifika bandia utaona mdomo wa bastola unavyochota chini na hapo hutabisha tena. Na kwa wa doti, macho yakae kwenye shabaha, doti ije yenyewe, ukianza kuitafuta kwenye kioo kama mtu aliyepoteza sindano ujue mshiko wako wakati wa kutoa haufanani siku zote. Doti haikuongezei ustadi, inakuonyesha mtetemo wako wote hadharani tu.

Kwa mazoezi ya risasi za kweli liko zoezi la zamani la Jeff Cooper, rais wa kwanza wa IPSC, shirikisho la mchezo huu, lilipoundwa kule Columbia, Missouri mwaka 1976. Linaitwa El Presidente. Karatasi tatu umbali wa kama mita 10, umezipa mgongo, king'ora kikilia unageuka ndo unatoa bastola, mbili mbili kwa kila moja, unabadili magazini, mbili mbili tena. Risasi 12. Kipimo cha zamani kilikuwa sekunde 10, wapigaji wazuri wa sa hivi wanashuka chini ya 6. Nalipenda kwa sababu ndani yake kuna kila kitu isipokuwa miguu, na likipigwa kila mwezi kwa bastola ileile karatasi zikaandikwa tarehe zinatunzwa, unapata kumbukumbu isiyokubembeleza. Ukibadili triga leo, holista kesho, risasi keshokutwa, hiyo kumbukumbu haina kazi tena maana hujui kilichopanda ni wewe au ni kifaa. Ushauri wangu ambao wauza vipuri hawataupenda ni kwamba mtu akishapata bastola isiyogoma aifunge msimu mzima bila kuigusa, pesa zote ziende kwenye risasi na ada za mechi.

Miguu ndo pale nilipoanzia. Ukiwa unamalizia karatasi ya mwisho mahali hapa uzito wa mwili uwe umeshaanza kuelekea unakokwenda, magazini ibadilishwe unapokimbia na siyo umesimama, na ufike umekunja magoti kidogo bastola iko juu. Na steji ikaririwe kabla, si kutembea tu na kuhesabu karatasi, unafumba macho unaipiga yote kichwani mpaka unajua magazini inadondokea wapi. Wale wanaosimama na kufikiri katikati ya steji hata wangepewa bastola ya Éric Grauffel, yule Mfaransa aliyeanza kuwa bingwa wa dunia wa Open mwaka 1999, wangesimama vilevile.

Usalama sitauandikia mengi kwa sababu sheria zenyewe hazina utani. Mdomo wa bastola ukivuka nyuzi 90 kutoka uelekeo wa tuta la kuzuia risasi, umeondolewa mechi. Bastola ikianguka, umeondolewa. Kidole ndani ya kilinda triga wakati unakimbia au unabadili magazini, umeondolewa. Kwenye eneo salama, ile sehemu iliyotengwa ya kushikia bastola tupu, bastola unaruhusiwa kuishika lakini risasi huruhusiwi, hata bandia. Naliandika kwa sababu picha moja kwenye makala yenu inaonyesha jamaa ameshika bastola anatabasamu kwa kamera, kidole kiko kwenye triga kabisa. Sijui nani aliipitisha ile picha ila kwetu huyo jamaa anarudi nyumbani mapema.

Ombi langu basi. Mkiandika tena matokeo ya mechi, pamoja na jina la mshindi na bastola yake wekeni divisheni, alama, sekunde na hiti fakta, hata kwa steji mbili tatu tu, kama mnavyoweka dakika za magoli kwenye mpira. Na mwandishi wenu asiandikie mezani, aje asimame na marefa nyuma ya mpigaji asikilize taima. Miwani aje nayo, vya kuziba masikio tutampa sisi.

Ni mimi msomaji wenu,
Refa wa steji